Uvimbe wa kizazi: kusubiri, dawa, kutoa uvimbe au kutoa kizazi? Ulinganisho kwa wanawake wa Mwanza na mwambao wa ziwa

Wanawake wawili wanaweza kutoka kwenye chumba kimoja cha altrasaundi hapa Mwanza wakiwa na majibu yanayofanana: uvimbe kwenye kizazi, ukubwa sawa na ujauzito wa wiki 16. Mmoja ana miaka 29, kwake ni Sengerema, ameolewa na bado hajapata mtoto. Mwenzake ana miaka 47 na watoto wanne, anauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, na kila mwezi damu humtoka mpaka akisimama lazima ashike ukuta. Karatasi zao zinasema jambo lilelile. Lakini atakayewapa tiba moja atakuwa amemkosea mmoja wao, na huenda wote wawili.

Swali ninalolisikia zaidi kwa akina mama na akina dada wa huku kwetu ni hili: "Uvimbe wangu ni mkubwa, nikatwe?" Ukubwa una uzito wake, ila hauji wa kwanza. Kinachotangulia ni kile uvimbe unachokufanyia, na kile wewe unachotaka baadaye: mtoto, damu ikome, urudi kazini mapema, au ubaki na kizazi chako hata kama huzai tena. Hayo altrasaundi haiyaoni. Unatakiwa uulizwe, na usipoulizwa uyaseme mwenyewe.

Uvimbe wenyewe

Hospitalini utasikia ukiitwa mayoma au faibroidi. Ni nyama iliyoota kutoka kwenye misuli ya kizazi, na hulishwa na homoni za kike. Ndiyo maana hauoti kabla ya kuvunja ungo, na mara nyingi hunywea hedhi ikishakoma. Si saratani, na ni nadra sana uvimbe uliodhaniwa kuwa mayoma ukutwe ni saratani. Tena umeenea mno. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa zaidi ya wanawake weusi 80 katika kila 100 huwa wameshaota uvimbe huu wanapofika miaka 50, na wengi walikuwa hawajui kabisa. Kwa hiyo kukutwa nao si ushahidi kwamba umerogwa, wala kwamba uliwahi kutoa mimba. Maneno hayo yamevunja ndoa za watu wasio na kosa lolote, na inaniuma kuona bado yanasemwa.

Jambo la kutafuta kwenye karatasi yako, kabla hata ya tarakimu za sentimita, ni mahali uvimbe ulipokaa. Ule uliochomoza ndani ya chumba cha kizazi, hata ukiwa wa sentimita 2 tu, unaweza kuleta hedhi nzito na kuzuia mimba isishike. Uliojificha ndani ya ukuta wa kizazi huweza kufanya hivyo pia ukikua na kusukuma chumba hicho. Ulioota upande wa nje unaweza kufika sentimita 8 na hedhi yako ikabaki ileile; huo utakusumbua kwenye kibofu, choo au kwa uzito wa tumbo. Kama karatasi haisemi ulipo, rudi ukaombe iandikwe. Bila hiyo huwezi kulinganisha chochote kati ya yale yanayofuata.

Kwanza hakikisha damu inatoka kwa sababu hiyo

Hapa mwambao wa ziwa nasisitiza kuliko ningesisitiza kwingine. Mwanamke anaweza kuwa na mayoma yasiyo na hatia, huku damu yake ikipotea kwa sababu nyingine kabisa. Kichocho ni ugonjwa wa kwetu. Kile cha tumbo ndicho kilichotawala kandokando ya ziwa, na kile cha mkojo kinapatikana zaidi kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga ndani ya nchi kavu. Cha mkojo huweza kushambulia mlango wa kizazi na uke, kikaleta damu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, hata ugumba. Dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli, si kisu. Kwa hiyo kama umekulia kwenye majaruba ya Misungwi au Kwimba, mwambie daktari, maana wengi hawaulizi.

Na upungufu wa damu wenyewe una vyanzo vingi huku: malaria, minyoo ya safura, kichocho, mimba zinazofuatana, chakula kisicho na madini ya chuma. Pima wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 (gramu kwa desilita) ni upungufu, chini ya 8 ni upungufu mkali. Pima ujauzito. Mlango wa kizazi ukaguliwe, kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi inaua wanawake wengi Tanzania na nayo huanza kwa kutoka damu isiyo ya kawaida, hasa baada ya tendo la ndoa. Ukiwa na miaka 45 na kuendelea, au hedhi ilishakoma kisha damu ikarudi, daktari achukue kinyama cha ndani ya kizazi kikapimwe kabla ya kukwambia ni mayoma tu.

Kusubiri, au kuanza tiba sasa

Kusubiri kuna sifa mbaya wasiyostahili wanaokuchagua. Mwanamke aliyekutwa na uvimbe kwa bahati, alipokwenda kliniki ya wajawazito au kupima kitu kingine, asiyevuja damu, asiyeumwa, hana sababu ya kupasuliwa. Kwake kusubiri ndiyo tiba: arudi kupimwa baada ya miezi 6 hadi 12, na awahi zaidi dalili zikianza. Mwenye miaka 49 mwenye dalili nyepesi naye ana haki ya kusubiri hedhi ikome, kwa kuwa homoni zikishuka uvimbe mara nyingi hupungua wenyewe.

Kusubiri hakufai pale damu inapokumaliza. Usijipime kwa kusema "ni nyingi" au "ni ya kawaida", maana kila mmoja amezoea yake, na mama aliyevuja damu miaka 10 huona ndiyo maumbile. Hesabu. Hedhi ya zaidi ya siku 7, mabonge makubwa ya damu, kuamka usiku kubadilisha, pedi ulizonunua kuisha kabla ya hedhi hadi uongezee vitambaa: andika yote kwa miezi miwili au mitatu, uende nayo kliniki. Ukilowanisha pedi au kitambaa kizima kila saa kwa saa mbili mfululizo, au ukiona giza ukisimama, hiyo si ya kusubiri kliniki ya Jumatatu. Na kwa wa Ukerewe na visiwa vingine, usingoje meli ya asubuhi ukiwa nyumbani. Nenda kituo cha afya kilicho karibu jioni hiyohiyo uwekewe dripu na uanze dawa wakati usafiri unatafutwa.

Vidonge, sindano na kitanzi dhidi ya kisu

Dawa zinadhibiti dalili. Karibu zote haziondoi uvimbe. Ukilijua hilo mapema hutadai zisichoahidi, wala hutazidharau.

Asidi ya traneksamiki ni vidonge vya kumezwa siku za damu nyingi tu, kwa kawaida gramu 1 mara tatu kwa siku, kwa siku 4 au 5. Hupunguza damu kwa kiasi cha kuonekana na havizuii mimba, kwa hiyo anayetafuta mtoto anaweza kuvitumia. Aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu asivitumie. Ibuprofeni na mefenamiki husaidia zaidi maumivu kuliko damu, na mwenye vidonda vya tumbo ajihadhari.

Vidonge vya uzazi wa mpango, sindano ya miezi mitatu na kitanzi chenye homoni hupunguza hedhi, na kwa wengine kitanzi hicho huikausha kabisa kwa miaka. Ni chaguo zuri kwa asiyetaka mimba kwa sasa na ambaye chumba cha kizazi chake hakijapinda. Uvimbe ukiwa umechomoza ndani, kitanzi kinaweza kutoka chenyewe. Nasisitiza ni kile chenye homoni. Kitanzi cha madini ya shaba huongeza damu, na mwenye hedhi nzito tayari hapaswi kuwekewa.

Kisha kuna sindano zinazolaza ovari, yaani vifuko vya mayai, kwa muda, kama goserelini inayochomwa kila mwezi. Hizi hunywesha uvimbe kweli, kwa theluthi hadi nusu ndani ya miezi mitatu, na hedhi husimama. Lakini huleta joto la ghafla na jasho kama la mwanamke aliyekoma hedhi, hudhoofisha mifupa zikitumika muda mrefu, na ukiacha uvimbe hurudi ulivyokuwa. Zina thamani kama daraja: kuujenga mwili na kupunguza uvimbe kabla ya upasuaji, au kumfikisha wa miaka 50 kwenye kukoma hedhi. Ni ghali, na si kila famasi inazo.

Dawa ambayo haikosi kwenye njia yoyote ni ya kuongeza damu. Vidonge vya madini ya chuma vimezwe na maji ya limao au machungwa, si kwa chai ya maziwa. Chai huzuia madini yasiingie mwilini. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Endelea miezi mitatu baada ya damu kufika kawaida ili akiba ijae. Anayekwenda kupasuliwa akiwa na 7 na anayekwenda akiwa na 11 hawaendi kwenye upasuaji mmoja, hata kama daktari na chumba ni vilevile. Kama si dharura, omba wiki kadhaa za kujenga damu kwanza.

Kutoa uvimbe au kutoa kizazi

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo kwa wanawake wengi wa kanda hii, na ndipo wengi hupelekwa badala ya kuchagua.

Kutoa uvimbe peke yake huacha kizazi mahali pake. Ndiyo njia ya yule dada wa Sengerema, na ya yeyote anayetaka kuzaa au anayetaka tu kubaki na kizazi chake. Hiyo ya pili ni sababu inayotosha, na hakuna mtu mwenye haki ya kukudai uitetee. Gharama yake ni tatu. Ya kwanza ni damu. Kizazi kina mishipa mingi, na kukwangua uvimbe mwingi kwaweza kumwaga damu kuliko kutoa kizazi kizima. Madaktari wana njia za kupunguza, kama kuweka misoprostoli kabla au kufunga mishipa kwa muda wakati wa upasuaji. Muulize wa kwako anatumia ipi. Uliza pia damu ya kuongezewa imeandaliwa. Ndugu wawili watatu wachangie mapema, kwani siku ya upasuaji si siku ya kuanza kumtafuta mwenye kundi O hasi.

Ya pili ni kurudi. Mbegu ndogo zisizoonekana zinaweza kubaki na kukua. Kadiri ulivyo kijana na uvimbe ulivyokuwa mwingi, ndivyo uwezekano unavyoongezeka. Wengi watakaoonekana na uvimbe mpya hawatahitaji kupasuliwa tena, ila baadhi watahitaji. Kwa hiyo anayetaka mtoto asikae miaka sita baada ya upasuaji. Kwa kawaida huambiwa asubiri miezi 3 hadi 6 kovu likauke, kisha ajaribu.

Ya tatu ni kovu lenyewe. Kama kisu kiliingia ndani sana ya ukuta, kizazi kinaweza kuchanika wakati wa uchungu, na daktari atashauri ujifungue kwa upasuaji. Hili huathiri mahali pa kujifungulia, si siku ya kujifungua tu. Mwanamke wa kisiwani mwenye kovu la namna hiyo anahitaji kuhamia karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji kabla miezi tisa haijatimia.

Kabla ya kukubali kukatwa kwa ajili ya mtoto, kuna kipimo kimoja ambacho kwetu huogopwa: cha mume. Mbegu zake zipimwe. Na mirija yako ichunguzwe, kwa maana mirija iliyoziba kwa maambukizi ya zamani ni chanzo kikubwa cha ugumba barani Afrika. Nimeona ukoo mzima, mama mkwe, mawifi na mashangazi, wakikaa kikao juu ya tumbo la mke huku mume hajawahi kutoa hata tone maabara. Kutoa uvimbe ulioko nje ya kizazi hakutaleta mtoto kama shida iko kwa baba.

Kutoa kizazi, kwa upande wa pili, kunamaliza jambo. Hedhi haipo tena, uvimbe hauna pa kuota, mimba haiwezekani. Kwa yule mama wa Mwaloni, aliyeamua mwenyewe kwamba uzazi umetosha na amechoka kuvuja, hii inaweza kuwa tiba itakayomrudishia maisha yake. Ovari zinaweza kuachwa, na kwa aliye chini ya umri wa kukoma hedhi mara nyingi ni vyema ziachwe, kwa sababu bila hizo atakoma hedhi siku hiyohiyo: joto, jasho, uke kukauka, mifupa kudhoofu. Uliza neno kwa neno: "Ovari zangu mtaziacha? Mlango wa kizazi mtauacha?" Ukiachiwa mlango wa kizazi, uendelee kupimwa saratani yake kama wengine.

Kuna hofu ambazo wanawake hawazitamki mbele ya daktari, hasa daktari akiwa kijana wa kiume. Kwamba asiye na kizazi huwa baridi, kwamba tumboni hubaki pango, kwamba mume ataambiwa amelala na mwanamume mwenzake. Uke unabaki. Matumbo hujipanga na kujaza nafasi. Wanawake wengi huripoti kwamba tendo la ndoa lilibaki vilevile au likawa bora zaidi, kwa kuwa maumivu na damu viliondoka. Wapo pia wanaoomboleza, hata walioshaacha kuzaa, na wanastahili kusikilizwa. Kama ni mume anayeogopa, mwende wote kliniki, asikie kwa daktari.

Nionavyo mimi: chini ya miaka 40, na hujatamka kwa mdomo wako kwamba hutaki kuzaa tena, pendekezo la kutoa kizazi kwa ajili ya mayoma lisipokelewe kwenye ziara ya kwanza. Omba maoni ya daktari bingwa mwingine. Si utovu wa adabu. Isipokuwa damu inakutoka hivi sasa na maisha yako hatarini. Hapo uhai unatangulia.

Na jua jambo hili kabla ya kusaini: wakati mwingine, ni nadra lakini hutokea, daktari anaanza kutoa uvimbe na damu inakataa kusimama, akalazimika kutoa kizazi ili uishi. Ujue mapema, ukubali ukiwa macho, usiambiwe ukiwa wodini.

Tumbo kufunguliwa, matundu madogo, au kuziba mishipa

Upasuaji wa kufungua tumbo ndio unaopatikana zaidi, na kwa uvimbe mkubwa au mwingi bado ndio unaofaa. Wiki 6 bila kubeba kizito. Kwa mwanamke wa ofisini hizo ni likizo. Kwa anayebeba magunia ya dagaa, anayeteka maji kwa ndoo au anayelima, ni kipato na chakula. Dagaa huvuliwa usiku wa giza na kazi hupoa mbalamwezi ikiwaka, lakini siku hizo chache za mwezi mkubwa hazitoshi kupona. Panga nani atashika meza yako, nani atateka maji. Kama damu si ya hatari, mwombe daktari tarehe isiyoangukia mvua za kupanda. Daktari anayejali atalichukua hilo kwa uzito uleule anaopimia presha yako.

Upasuaji wa matundu madogo hupunguza maumivu na kukurudisha kazini baada ya wiki 2 hadi 4, lakini huhitaji vifaa na mikono iliyozoea, na haufai kwa kila ukubwa. Uvimbe uliochomoza ndani ya chumba cha kizazi unaweza kutolewa kwa kamera inayopita ukeni, bila kidonda chochote tumboni, na ukarudi kwenye shughuli zako baada ya siku chache. Kama karatasi yako inasema uvimbe wako ni wa ndani na mdogo, uliza kuhusu njia hii hata kama ni kwa rufaa ya mbali. Ni hasara kupasuliwa tumbo kwa kitu kinachoweza kutolewa kwa mlango.

Kuziba mishipa inayolisha uvimbe ni njia iliyoelezwa mara ya kwanza na madaktari wa Paris mwaka 1995. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa damu, hasa wa kinenani, vichembe vikapelekwa kuziba, uvimbe ukakosa damu na kunywea. Kizazi kinabaki, hakuna kushonwa tumbo, na wengi hurudi kazini ndani ya wiki moja au mbili. Maumivu ya siku za mwanzo ni makali, wapo wanaokuja kuhitaji tiba nyingine miaka ya baadaye, na kwa anayetaka mimba kwa kawaida si chaguo la kwanza. Hapa nchini Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kujenga huduma ya tiba ya namna hii kwa radiolojia, yaani tiba inayoongozwa na picha za ndani ya mwili, mwaka 2018. Kwa wa Mwanza maana yake ni safari na malazi, na hesabu hiyo iwekwe mezani pamoja na wiki 6 za kutobeba mizigo. Kwa mwingine safari inaweza kuwa nafuu.

Mizizi na dawa za kusafisha kizazi

Zinauzwa sokoni, stendi na kwenye simu, na wauzaji husema zinayeyusha uvimbe. Sijaona dawa ya mitishamba iliyothibitishwa kuyeyusha mayoma. Baadhi huumiza ini na figo. Zile za kuweka ukeni huunguza na kuleta maambukizi, na maambukizi hayo ndiyo huziba mirija ya aliyekuwa anatafuta mtoto. Hasara kubwa zaidi ni muda: mwaka mmoja wa chupa, damu ikishuka kutoka 10 hadi 6. Kama umeshatumia, mwambie daktari bila aibu, akupime ini na figo kabla ya nusu kaputi.

Daktari anayeamua nawe na daktari anayekuamulia

Linganisha mazungumzo haya. Kwenye chumba kimoja: "Mama, una uvimbe mkubwa. Tutatoa kizazi. Njoo Jumatatu na ndugu wa kuchangia damu." Dakika tatu zimekwisha. Kwenye chumba kingine: "Karibu mama. Katika haya yote, kipi kinakutesa zaidi? Una watoto wangapi, na bado unatamani kuzaa? Unafanya kazi gani? Nyumbani nani atakusaidia?" Halafu anachora kizazi kwenye karatasi, anaonyesha uvimbe ulipo, anataja njia mbili au tatu pamoja na ile ya kutofanya lolote, kisha anauliza, "Hebu niambie wewe umeelewaje?"

Wa pili hajatumia muda mwingi sana kuliko wa kwanza. Foleni ya kliniki ya wanawake najua ilivyo, na wauguzi na madaktari wetu wanachoka. Msaidie: nenda na karatasi yenye mambo matatu unayotaka, siku za hedhi ulizoandika, na majina ya dawa ulizotumia. Nenda na mtu mmoja unayemwamini. Ukisema Kisukuma vizuri kuliko Kiswahili, omba muuguzi anayekijua. Jambo la kizazi halifai kufasiriwa na mtoto wako. Saini ya ridhaa ni yako wewe mwenye mwili. Kumshirikisha mume ni busara, lakini kumngoja mume aliyeko kambini kisiwani hadi damu iishe si sharti la tiba.

Wapi, na kwa fedha gani

Kituo cha afya au hospitali ya wilaya inatosha kwa kupima damu, altrasaundi ya kwanza, vidonge na ufuatiliaji. Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa, ndiyo ngazi inayofuata. Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake, inapokea kutoka mikoa yote ya Kanda ya Ziwa. Hapo ndipo pa kesi ngumu: uvimbe mwingi, waliowahi kupasuliwa, wenye magonjwa mengine ya moyo au presha. Chukua barua ya rufaa, kwa sababu kwenda moja kwa moja huweza kukugharimu zaidi na bima ikakataa. Anayetoka Geita au Sengerema sasa anavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025, hivyo kurudi kliniki kwa ufuatiliaji si mzigo kama enzi za kungoja kivuko.

Kabla ya tarehe ya upasuaji uliza bima yako inalipia nini: upasuaji wenyewe, siku za wodini, dawa, kipimo cha kinyama. Ukiwa huna uwezo kabisa, omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kulazwa, si siku ya kutoka ukiwa na bili mkononi.

Baada ya upasuaji, homa, kidonda kutoa usaha, damu nyingi ukeni, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kubana ni sababu za kurudi siku hiyohiyo. Usiondoke bila maelezo ya upasuaji yaliyoandikwa: nini kilitolewa, kisu kiliingia hadi wapi, ujauzito ujao ujifungue vipi. Mkunga atakayekupokea Nansio au Geita atayahitaji. Na uvimbe au kizazi kilichotolewa kipelekwe maabara kikapimwe. Majibu hayo hayatoki siku ileile. Uliza utayafuata lini, na ni nani atakaa nawe kukusomea.